Sahani Iliyoruka Ubeti wa Mwisho

Fundi alitumwa dawa. Dawa ya kuchua mgongo wa mama yake, basi, na duka la dawa liko hapo hapo nyuma ya kituo cha mabasi, mtu unakwenda na kurudi chai haijapoa. Mkewe alimwambia, nenda, na usipite kwa muuza vitu chakavu. Alimwambia mara mbili, maana mumewe anamjua. Bwana yule ukimwonyesha sahani ya muziki wa zamani anasahau hata kama ana watoto.

Ilikuwa saa ile jua limeshazama, watu wanatafutana kwa sauti kuliko kwa sura.

Akapita kwa muuza vitu chakavu.

Fundi alikuwa ametengeneza redio za watu miaka thelathini, mkono wake mwepesi, hana maneno mengi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: sahani za Krismasi. Wala si zile nyimbo kila mtu anazijua, hizo alikuwa anaziita za dukani. Yeye alitaka za ajabu. Alikuwa na sahani ya askari magereza wanaimba habari za malaika huku wanapuliza filimbi. Alikuwa na ya vinyozi, mikasi ndiyo ngoma yao. Alikuwa na moja ambayo mbwa anabweka katikati ya ubeti wa pili, unamsikia mwimbaji anamwambia "toka", halafu anaendelea na Bikira Maria kama hakuna kilichotokea.

Desemba ikiingia tu, anaziosha, anachomeka waya kwenye kompyuta, anawarushia wenzake kwenye grupu la simu. Zamani kabla ya simu alikuwa anajaza kaseti na kuzigawa mtaa mzima. Watu wakimcheka, wakisema huyu kaoa sahani, mke ni wa kupikia tu. Lakini siku zikikaribia ni wao wao wanaomsimamisha njiani, Fundi, mwaka huu umetuletea nini?

Na kwenye grupu kulikuwa na mmoja wanamwita Profesa. Hakuwa profesa wa kitu chochote, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, lakini ana sahani nyumba nzima. Kila Fundi akileta kitu, Profesa anajibu, hiyo ninazo mbili, moja naifunikia sufuria. Miaka kumi na zaidi ya maneno hayo. Yalikuwa yamemkaa Fundi rohoni kama mwiba wa samaki.

Sasa muuza vitu chakavu alikuwa anavuta turubai afunge. Akamwambia Fundi kuna bibi kafariki kule juu mlimani, mzee sana, hakuolewa wala hakuzaa, majirani wameleta masanduku. Ndani ya sanduku la pili, katikati ya mapazia, ipo sahani moja. Akampa.

Fundi akaisogeza kwenye mwanga wa taa ya duka la jirani. Karatasi ya katikati imefifia, lakini inasomeka.

Kwaya ya Dobi.

Akaisoma tena. Wakusanyaji wote wanaijua hiyo, na karibu wote hawajawahi kuishika. Wanawake waliokuwa wanafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kubwa, wakaimba wimbo mmoja wa Krismasi, zikatoka sahani chache, basi. Na zile mbili tatu zilizoonekana zina kilema kimoja: sindano ikimaliza ubeti wa tatu, inateleza mpaka mwisho. Watu wakasema ni kosa la kiwanda.

Na mwimbishaji wa kwaya ile, anayetangulia wenzake wakamwitikia, ni mama yake Fundi. Mama yule yule anayengoja dawa. Miaka themanini na kitu, mgongo umekataa, lakini sauti bado ipo, kanisani akisimama kuimba peke yake watu wanasahau kukohoa. Ila sahani hiyo hakutaka itajwe. Fundi alimuuliza mara moja tu, bado kijana. Akajibiwa iliharibika, na usiniulize tena.

Basi Fundi pale pale akapanga. Nitaitengeneza. Siku ya Krismasi Mama nitampa sauti yake ya usichana, nzima, beti zote. Na Profesa ataziba mdomo.

"Chukua tu," akaambiwa na muuza vitu chakavu. "Inaruka hiyo."

Akaichukua. Nyumbani mkewe akamtazama mikono, akauliza kama siku hizi dawa ya mgongo inauzwa duara.

*

Kibanda cha kazi kilikuwa uani, dirisha lake linatazamana na dirisha la chumba cha mama. Fundi akafunga mlango, akavaa jichoni kile kioo cha mafundi saa, akainama.

Haukuwa mkwaruzo wa kuangushwa. Ameona elfu ya hiyo. Huu ulikuwa umenyooka. Umekwenda na kurudi, mara tatu, mahali pale pale, kwa kitu chenye ncha. Na aliyefanya alikuwa anakandamiza.

Hapo mtu mwingine angejiuliza. Lakini mkusanyaji akiona sahani imeumizwa haulizi kwa nini, anauliza itaponaje. Fundi akachonga kijiti cha mti mgumu mpaka ncha ikawa kama unywele. Tone la maji ya sabuni. Anaizungusha sahani kwa kidole, taratibu, anasukuma kingo za ule mfereji mwembamba zirudi mahali pake, mstari kwa mstari. Jioni tatu alifanya hivyo. Chakula kikawa kinapoa, mkewe akawa anakiongelesha kile chakula badala yake yeye.

Jioni ya tatu, taa za mtaa zinaanza kuwaka, akavaa vipokea sauti masikioni, Mama asisikie kabla ya sikukuu, akaweka sindano.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuulizana. Mama yake anauliza, wenzake wanaitika. Sauti ya mama yake msichana... Fundi machozi yakamlenga.

"Nani kalala horini?"

"Ni mfalme, ni mfalme."

"Nani kaja na kondoo?"

"Wachungaji, wachungaji."

"Nani kaifuata nyota?"

"Mamajusi, mamajusi."

Sindano ikafika pale pabaya. Ikatikisika. Ikapita.

Mikwaruzo yote ikanyamaza. Ikaja sauti ya mwanamke mwingine. Laini, ya chini, karibu mno, kama ameweka midomo kwenye sindano.

"Nani kaniziba koo?"

Na hakuna aliyeitika.

Sahani inazunguka... inazunguka... Kimya kile hakikuwa kimya cha sahani iliyokwisha. Kilikuwa cha mtu aliyekuuliza kitu, sasa anakutazama mdomoni.

Kisha akasikia harufu. Mashuka mabichi. Sabuni ya magadi. Na pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo.

Akageuka. Hakuna mtu.

Kutoka chumba cha mama yake, ng'ambo ya ua, sauti ikapaa ikauliza nani anaunguza nguo humo ndani. Fundi akaitika hakuna, Mama, lala. Akacheka peke yake, kicheko cha kujipa moyo. Krismasi gani hii ya kuulizana makoo? Lakini si ndiyo ajabu yenyewe aliyoitafuta maisha yake yote? Hata mbwa wa ubeti wa pili hafiki hapa.

Mama angeisikia siku ya sikukuu. Grupu wakaisikia jioni ile ile. Akairusha nzima, na chini yake akaandika: Profesa, na hii unazo mbili?

*

Kwenye kona ya mtaa alikuwa anakaa bibi mmoja wanamwita Bibi wa Pasi, kwa kuwa ujanani alipiga pasi hospitali, pamoja na mama yake Fundi. Kibibi cha maneno, mtu ukipita kwake unabeba na la kwako. Asubuhi yake mjukuu wake wa kike akaenda kwa Fundi amejishika kichwa. Akaeleza kwamba jana usiku alikuwa anachambua mchele, simu ipo mezani inaimba, ule wimbo wa Fundi umeshazunguka kila mahali. Bibi kakaa anatabasamu, beti tatu zote anatikisa kichwa. Ubeti wa nne ulipouliza, bibi akasimama. Bila mkongojo. Akafumbua mdomo, akaimba.

"Aliimba nini?" Fundi akauliza.

"Tulijua, tulijua. Hivyo tu. Tangu hapo hajatoa hata sauti ya kukohoa."

Fundi akaenda. Akamkuta bibi kitandani, mkono kooni, macho makavu. Alipomwona Fundi akanyanyua kidole, akaonyesha. Hakumwonyesha Fundi. Alionyesha nyumba ya Fundi.

Mchana Profesa akapiga simu. Fundi akaipokea amejiandaa kutukanwa. Profesa hakutukana. Aliongea polepole kama mtu aliyebeba yai. Mama mkwe wake anakaa kwake, alikuwa dobi zamani, sijui Fundi anajua. Jana alikuwa anaoga. Wimbo ukalia sebuleni. Wakasikia anaitikia kule bafuni.

"Kasema tulijua?" Fundi akauliza.

Profesa akashusha sauti.

"Fundi, hii kitu umeitoa wapi?"

Fundi akakata simu. Akahesabu wale wanawake wa kwaya kama alivyosimuliwa akiwa mtoto. Walikuwa sita. Wawili hawa. Wengine walishazikwa. Aliyebaki ambaye hajaisikia ni mmoja tu, na yumo chumbani kwake anamwita mkwewe amfunge kitambaa cha kiuno.

Haya, sasa mbio. Akawaandikia grupu, futeni, futeni wote. Wakamcheka, wakasema Fundi kaona imependwa anataka kuificha. Akaenda kwa kinyozi aliye ng'ambo ya barabara, yule mwenye spika kubwa, akamsihi. Kinyozi akaapa hatopiga, huku wateja wake wawili wanaupiga mluzi. Nyumbani akamnyang'anya mama yake redio, akasema inahitaji matengenezo. Akamkataza mkewe kuingia na simu. Akafunga madirisha na joto lile.

Mama yake akamtazama weee.

Akauliza, kwa upole kabisa, kama ameshakufa bila kuambiwa, maana anaona wanafunga nyumba kama ya msiba.

*

Siku mbili alimlinda hivyo. Siku ya tatu, alasiri imelegea, akampelekea chai. Mama alikuwa amekaa kitandani, pua juu, ananusa.

"Umeipiga," akasema. Hakuuliza.

Fundi akaweka kikombe chini.

Mama akataka kujua aliipata wapi. Aliposikia ni kwa bibi aliyekufa mlimani, akafumba macho, akasema huyo alikuwa mdogo wa Ninga, mwenzao wa kwaya. Ndipo akasimulia, uso ameuelekeza ukutani, kwa sauti ile ile nzuri.

Ninga alikuwa wa mezani, wa kupiga pasi. Akiimba, wagonjwa wanaacha kuugua. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Mama yake Fundi alikuwa wa pili, na kuwa wa pili kwa mtu anayejua kuimba ni kukaa mlangoni kwenye karamu. Zilipobaki siku chache warekodi, akaenda kwa mtu mmoja nyuma ya reli. Mtu yule hakumuuliza mengi. Alimpa unga kwenye karatasi, akamwambia weka kwenye kitu cha moto, taja unachokitaka, usigeuke nyuma. Asubuhi ya kurekodi wanawake wote walikunywa chai pale dobini. Ninga akanywa, akasema leo chai imekolea. Ilipofika saa sita hana sauti. Mama akasogea mbele.

"Wenzangu waliniona ninatia. Hakuna aliyesema. Kila mmoja alitaka sahani yake."

"Ulikuwa unga wa nini, Mama?"

"Mpaka leo sijui. Labda dawa ya panya. Labda si ya panya."

Ninga alisimama safu ya nyuma siku ile, mdomo unachezacheza, hakuna kinachotoka. Hakuimaliza miezi saba. Na sahani zilipoletwa, wakaziweka wazisikie, wakasikia beti nne.

Fundi hakuelewa.

Mama akageuka, akamtazama.

"Sisi tulifundishwa beti tatu."

Alichukua sindano ya kushonea magunia, akapita nyumba hadi nyumba. Hata ya Ninga mwenyewe aliikwaruza, siku ya msiba, watu wako nje wanalia, naye yuko ndani na sindano. Fundi akamuuliza kama aliwahi kuomba msamaha. Mama akajibu kwamba amemwimbia Mungu miaka sitini, na kuimba kote huko kulikuwa kwa nini?

Fundi akasimama. Akasema anakwenda kuivunja sasa hivi. Akaivunja kweli, uani, kwa nyundo, vipande vikaruka mpaka kwenye ndoo za mkewe. Mama alikuwa anamtazama dirishani, anatabasamu tabasamu baya.

"Umeshaigawa, mwanangu," akamwambia. "Unavunja ganda."

Jua likazama.

Ikaanza mbali. Si kwa kinyozi. Ilikuwa simu ya mtu anayepita njia, mtu wa watu, anarudi kazini, ameishika mkononi inaimba. Nani kalala horini. Fundi akakimbia ndani. Nani kaja na kondoo. Akambana mama yake masikio kwa viganja vyote viwili, akaanza kupiga kelele za ovyo, laa laa laa, kama mtoto. Mkewe akasimama mlangoni haelewi. Nani kaifuata nyota.

Yule mpita njia akasimama nje ya dirisha la upande wa njia kufunga kamba ya kiatu.

Harufu ya pasi ikajaa chumba kizima.

"Nani kaniziba koo?"

Kimya.

Fundi akahisi taya za mama yake zinafunguka katikati ya mikono yake. Alizibana. Zikafunguka.

"Ni mimi, ni mimi," mama akaimba. Safi. Kwa sauti yake mwenyewe, nzuri kuliko kanisani.

Mpita njia akaenda zake.

*

Mama alikaa bubu siku nne. Ya tano, magharibi, mkewe Fundi alikuwa anamchana nywele, mama akaimba. Kitana kikaanguka. Haikuwa sauti ya bibi wa miaka themanini. Ilikuwa ya msichana, laini, ya chini, karibu mno. Akaimba beti zote, zile za kuuliza na zile za kuitika.

Tangu siku hiyo kila jua likizama ni hivyo. Majirani wakawa wanasimama kwenye ukuta kusikiliza, wanasema bibi kapona, sikia alivyorudi usichanani. Wakaleta viti. Walioko nje walikuwa wanasikia sauti tu. Aliyekuwa ndani alikuwa anaona macho. Na macho yalikuwa bado ya mama yake Fundi, yanatoka machozi, yanamtazama mwanawe, yanaomba. Koo lile lilikuwa lina mpangaji.

Mkewe akasema wamhamishe, wampeleke mbali, watafute mtu wa kumwombea, chochote. Fundi akasema kesho. Akasema hivyo siku tatu. Mkewe alidhani ni huzuni.

Siku ya tatu mkewe alikwenda kwa mtu wa maombi. Fundi akakaa na mama yake peke yao, mlango umeegeshwa. Jua likazama. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne. Sauti ile haikunyamaza kama siku zote. Ilivuta pumzi.

Fundi nywele zikamsimama. Wa tano. Haupo kwenye sahani yoyote duniani. Hakuna mkusanyaji aliyewahi kuusikia, hakuna atakayeusikia tena kama huu ukipita hivi hivi. Mama yake akatikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana, machozi yanashuka mpaka kidevuni.

Alimwona. Siwezi kusema hakumwona.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni, umeshaitoa simu, umeshabonyeza. Kitaa kidogo chekundu kikawaka katikati yao. Akaisogeza simu karibu na mdomo wa mama yake, kwa upole ule ule wa kushikia sahani, asiiguse, isikwaruzike.

"Nani kanirudisha nyumbani?" sauti ikauliza.

Kimya kikaja. Kikakaa. Kikamtazama mdomoni.

Na Fundi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuimba hata bafuni, akahisi ulimi wake unanyanyuka.